Faluda ya matcha: kopo la pili ndilo lililofaa

Pakiti ya kwanza nilijitakia mwenyewe. Nilitaka matcha, ule unga laini wa chai ya kijani, nitie kwenye faluda yangu ya maziwa ya kugandisha. Imeandikwa matcha kwa herufi kubwa, gramu 100 kwa shilingi 18,000 za Uganda, nikajiona mjanja. Nilipofika nyumbani ndipo nikaigeuza nikasoma mgongoni: sukari, maziwa ya unga, halafu chai, ya mwisho kabisa. Faluda ikatoka rangi ya nyasi za kiangazi, tamu bila ladha yoyote ya kueleweka.

Mara ya pili nikatoa shilingi 55,000 kwa kikopo cha gramu 30, matcha tupu kutoka Uji, Japani. Mume wangu akanuna. Chai imejaa hapa Uganda, kule Fort Portal, wewe wanunua ya Japani? Basi nikajaribu hoja yake: nikachana vifuko vya chai ya kijani, nikasaga kwa mashine ya viungo, nikachekecha mara mbili. Bado ilikuwa chengachenga ulimini, kama mchicha usiooshwa mchanga ukaisha. Matcha hufunikwa kivuli ikiwa bado shambani, wiki kadhaa kabla ya kuchumwa, ndiyo maana jani huwa kijani kibichi vile. Halafu huondolewa vikonyo na mishipa, likasagwa kwa jiwe mpaka likawa laini kama poda ya mtoto. Mashine yangu ya bizari haiwezi kazi hiyo.

Ninavyopika: maziwa nusu lita ya deiri ya mtaani, nayachemsha usiku na kuyaacha yapoe ili asubuhi nikusanye malai juu. Krimu ya pakiti naiongeza kikombe kimoja kidogo tu, bei yake inauma. Chaina grasi gramu 5, zile nyuzi za mwani za kugandishia tunazotumia kwetu Mombasa wakati wa Ramadhani, nalowesha kisha nachemsha kwenye maji kikombe kimoja mpaka zipotee kabisa. Jelatini niliyoiona dukani haikusema imetoka kwa mnyama gani, nikaiacha. Maziwa lazima yawe ya moto unapoyachanganya na chaina grasi. Yakiwa baridi inashikana vijiuzi vijiuzi.

Matcha huingia mwisho, sufuria ikiwa imeshatoka motoni. Vijiko viwili vya chai, napitisha kwenye chujio la chai, nakoroga na maji ya vuguvugu kidogo mpaka iwe kama uji mwepesi, ndipo namimina. Siku niliyoivuruga yote kavu ndani ya maziwa, madonge yalielea kama mbegu za mpapai. Na siku niliyoichemsha iligeuka hudhurungi na kuwa chungu kama mwarobaini.

Wifi yangu wa Masaka alichungulia bakuli. "Wifi, umesaga dodo?" Kwetu Mombasa dodo ni embe, hapa Uganda ni mchicha, kwa hiyo nilichukua muda kucheka.

Umeme ulikatika saa kumi jioni, ukarudi saa tatu usiku. Chaina grasi haingoji friji, ikishuka nyuzijoto kama 35 inaganda yenyewe, kwa hiyo faluda ilishikana pale mezani. Tulichokosa ni ubaridi tu. Ilipopoa vizuri, kisu kilipita bila kuvunja kipande, malai yakiwa yamepanda juu yakafanya utando mweupe. Ladha inaanza na uchungu kidogo, halafu maziwa yanaufuta.

Kasoro za kikopo: kifuniko kinalegea, na unga huu ukikaa kwenye mwanga na hewa rangi inafifia. Nimekifunga kwa mfuko wa nailoni, nikakisukuma nyuma ya friji. Watoto nawapa kipande kidogo, tena mchana, maana hapa unakula jani lenyewe na kafeini yake yote. Wangu wa miaka sita alikula vitatu akaimba mpaka saa tano usiku.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa bei. Vimebaki vijiko kama vinne, na wifi ameshauliza Idi ni lini.