Pregabalini au gabapentini: tofauti anazopaswa kuzijua mgonjwa
Dawa zote mbili hutuliza maumivu ya neva na kudhibiti kifafa, lakini kwa ugonjwa wa wasiwasi ni pregabalini iliyoidhinishwa Ulaya. Tofauti kubwa imo katika ufyonzwaji, yaani jinsi dawa inavyoingia kwenye damu kutoka tumboni: pregabalini, ambayo kwa kawaida huanzwa kwa kapsuli ya miligramu 75 asubuhi na jioni, hufyonzwa kwa takriban 90% hata dozi ikipanda, ilhali gabapentini, kadiri dozi inavyoongezwa, ndivyo sehemu inayofyonzwa inavyopungua, na kwa hiyo humezwa mara tatu kwa siku. Aliyekunywa dawa ya kiungulia yenye alumini na magnesiamu asubiri saa 2 kabla ya kumeza gabapentini.

Kwa upande wa hatari, sioni iliyo nafuu. Zote hutolewa na figo, hivyo mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi. Zote huleta usingizi, na zikichanganywa na tramadoli (dawa kali ya maumivu ya kundi la afyuni) au pombe huweza kudhoofisha upumuaji hadi mtu akafa. Uingereza iliziweka zote kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa kisheria mwaka 2019.

Tafadhali, usiache yoyote ghafla, hasa ukiwa na kifafa, kwa sababu degedege linaweza kurudi. Daktari hupunguza dozi taratibu, kwa muda usiopungua wiki 1.