Parmigiano Ikikosekana: Ununue Jibini Gani?

Parmigiano Reggiano, jibini ngumu ya Italia, hukomazwa miezi 12 kwa uchache, na zilizo nzuri hupita 24. Maji hupungua, ikabaki chumvi na ule mkolezo wa mchuzi wa nyama uliochemka polepole. Ndiyo maana mbadala wake ni lazima uwe mkavu na mkongwe. Mozzarella usiifikirie: inavutika, haikolezi.

Namba moja ni Grana Padano. Nayo inatoka kaskazini mwa Italia, bonde la mto Po, hukomaa kuanzia miezi 9, na mara nyingi bei yake ni nafuu. Kwenye risoto au tambi za siagi, weka kipimo kilekile.

Namba mbili naipa Gouda kongwe, ya mwaka mmoja au zaidi. Najua wengi wangetanguliza Pecorino Romano, jibini ya Italia ya maziwa ya kondoo. Lakini Gouda ndiyo jibini ambayo ukanda wetu umeizoea: Kenya inatengenezwa, na huko Masisi, Kivu ya Kaskazini, kuna jibini ya mtindo huohuo. Tena kuna jambo la heshima mezani. Parmigiano na Grana Padano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, Pecorino Romano kwa cha mwanakondoo. Ukiwa na mgeni asiyekula nyama, au anayejali mnyama alichinjwaje, Gouda nyingine hugandishwa kwa kimeng'enya cha kuvu. Soma lebo, au muulize muuzaji. Shida ni kwamba nyingi madukani ni changa. Ibonyeze juu ya karatasi yake: ikibonyea, irudishe. Unayoitaka ni ngumu, rangi imeiva, ina chembechembe ukiitafuna. Ina utamu kidogo, kwa hiyo ongeza chumvi.

Pecorino Romano ni ya tatu kwa sababu chumvi yake ni kali. Anza na nusu ya kipimo, uonje kwanza.

Ya mwisho ni jibini ya unga, ya kopo. Mara nyingi unga huo hutiwa selulosi, yaani nyuzi za mimea, usigandane, ndiyo maana hauyeyuki vizuri kwenye mchuzi. Umoja wa Ulaya unalinda jina Parmesan kwa ajili ya Parmigiano Reggiano peke yake. Kwingineko kopo huandikwa hivyo likiwa na jibini nyingine kabisa.

Chochote utakachochagua, nunua kipande kizima ukikwangue mwenyewe, na ukitie baada ya kuepua. Sufuria ikiwa bado inachemka, jibini hujikunja mabonge na mafuta yakajitenga.