Uchina au Korea Kusini, nani anatuingia zaidi?

Huku Kigoma ubishi huu wa nani ana ushawishi zaidi kwetu hauishi. Kwa hela Uchina haina mpinzani jamani, 2013 ilifungua Taasisi ya Confucius, inayofundisha Kichina, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), 2018 ikakabidhi maktaba kubwa palepale, na mkataba wa reli ya kisasa (SGR) ya Tabora–Kigoma wa 2022 umeenda kwa kampuni zake. Korea yenyewe baada ya msukosuko wa uchumi wa 1997 iliamua kusukuma tamthilia na muziki kama biashara, wanunuzi ndio wanalipa.

Ila kwenye kupendwa, Korea inashinda mbali. Pita Mwanga hapa mjini Kigoma jioni kwenye kibanda cha kujaza muvi uone wadada wameshika flashi wanasubiri sizoni ya Kikorea iliyotafsiriwa, na mwigizaji wanamjua mpaka alivyobadilisha nywele. Tamthilia za Kichina nazo TBC, televisheni ya taifa, ilizileta kwa Kiswahili toka 2011, na mimi naona zilistahili kupendwa zaidi.

Kudumu? Mapenzi ya sizoni hupoa, lugha inabaki. Kama unatafuta skolashipu, ukalimani au mzigo wa Guangzhou, jifunze Kichina. Kama wewe ni mtu wa mitindo, urembo au unataka kutengeneza tamthilia zako, soma Wakorea walivyofanya.