Sauti za Wananchi: Takwimu za Bure Zenye Sampuli ya Kuaminika, kwa Masharti

Kwa mwanafunzi au mtafiti anayehitaji takwimu za maoni ya Watanzania bila kuzilipia, Sauti za Wananchi, utafiti wa maoni kwa njia ya simu wa shirika la Twaweza, ni huduma ninayoipendekeza kwa moyo mweupe, ingawa si kwa kila swali la utafiti.

Ubora wake mkubwa uko kwenye uteuzi wa sampuli, yaani watu wachache wanaohojiwa kwa niaba ya wote. Utafiti wa simu hushawishika kupiga namba zilizokwisha kuwapo, na hapo ndipo mwanamke wa kijijini asiye na simu, mzee, na kaya isiyo na umeme wanapoachwa nje kabla hata swali la kwanza halijaulizwa. Waandaaji hawakupita njia hiyo. Mwaka 2012 wahojaji walikwenda wenyewe katika maeneo 200 ya kuhesabia watu (vipande vidogo vinavyotumiwa na sensa) ya Tanzania Bara, yaliyoteuliwa kwa bahati nasibu, wakachukua kaya 10 katika kila eneo na mtu mzima mmoja katika kila kaya. Wahojiwa hao 2,000 waligawiwa simu na chaja za sola, kisha wakawa wanapigiwa kila baada ya muda. Kazi hiyo ni ya gharama, nami naiheshimu sana.

Masharti yangu yanaanzia kwenye matumizi. Sampuli ya watu 2,000 ina kiwango cha makosa, yaani umbali ambao jibu la sampuli linaweza kupishana na maoni ya wananchi wote, cha takribani asilimia 2 juu au chini, nacho huongezeka kidogo kwa sababu majirani wa eneo moja hufanana. Ukiigawanya kwa mikoa 25 ya wakati ule, unabaki na watu wapatao 80 kwa mkoa, na kiwango hicho kinaruka hadi asilimia 11. Kwa hiyo anayelinganisha Lindi na Mara kwa takwimu hizi anajidanganya, na Zanzibar haikuwamo kabisa katika sampuli hiyo ya 2012.

Kuhusu uhalali wa majibu, kinachonitia shaka ni mahusiano. Mtu anayepigiwa mara kwa mara na ofisi iliyompa simu anaweza kujibu kwa kuiridhisha, na mhojaji haoni ni nani ameketi karibu na mhojiwa. Kwa maswali ya maji, bei ya unga au huduma za zahanati, sioni tatizo kubwa. Kwa maswali ya siasa au ya ndani ya ndoa, ningeongeza mahojiano ya ana kwa ana kabla ya kuandika hitimisho lolote.