Darasa la kapoeira Kampala: miguu safi, mikono imesahaulika

Ukitafuta kapoeira, sanaa ya mapigano ya Brazil inayochanganya mateke na ngoma, kwa ajili ya kujilinda, darasa hili la jioni litakupa nusu ya unachohitaji. Nusu hiyo lakini inafundishwa vizuri sana.

Ginga, hatua ya msingi ya kubembea mbele na nyuma, inapewa muda wake kabla ya teke lolote. Mguu wa kulia ukirudi nyuma, mkono wa kulia unakinga uso, magoti yakiwa yamekunjwa. Mwalimu hupita akisukuma mabega. Anayeyumba amesimama wima mno. Kisha teke la kisigino la kuzunguka, meia lua de compasso: kanyaga kwa kukatiza, inama, mkono uguse chini, chungulia katikati ya miguu umwone mwenzako, ndipo kisigino kifyatuke. Wengi huuacha wayo wa mguu wa kusimamia umeganda sakafuni, na goti ndilo linaloumia. Sakafu yenyewe ni saruji laini, ikilowa jasho inateleza. Waweke mikeka.

Historia wanayosimulia inahitaji kunyooshwa. Eti watumwa waliuficha ugomvi ndani ya ngoma ili bwana asitambue: simulizi tamu, ushahidi mdogo. Mizizi inaelekea Angola na Kongo, mchezo ukakulia Brazil, na sheria ya jinai ya 1890 ikaupiga marufuku waziwazi. Wenye mamlaka walijua fika kwamba ni mapigano. Mitaani Rio de Janeiro wachezaji walitumia vichwa, ngwala na hata nyembe. Mwalimu mashuhuri Mestre Bimba alipofungua shule yake katika mji wa Salvador, Brazil, mwaka 1932, alitaka kurudisha makali yaliyokuwa yakipotea.

Makali hayo ndiyo yanayokosekana hapa. Bondia wa Katwe, mtaa wa hapa Kampala, hatasubiri uzunguke. Ataingia kwa jebu, ngumi ya haraka iliyonyooka ya mkono wa mbele, wakati mkono wako uko chini na uso uko wazi. Silaha ya kuaminika zaidi ni ngwala, yaani rasteira: mwenzako akirusha teke, chuchumaa, nasa kisigino cha mguu aliosimamia kwa wayo wako, uvute kwa kuukokota sakafuni. Ukichelewa kidogo tu, mguu wake wa pili umeshatua na hang'oki. Darasani, anayepigwa ngwala anajiangusha mwenyewe, kwa hiyo hakuna anayejifunza kupatia wakati.

Kwa pumzi, wepesi na kusoma mwili wa mwenzako, jiunge bila wasiwasi. Kwa kupigana, ongeza ndondi mara mbili kwa wiki, na umwombe mwalimu raundi ambazo mpinzani anakataa kuanguka.