SpamCop: Nilivyojifunza Kufuata Nyayo za Barua Taka

Hofu ndiyo iliyonifikisha SpamCop, huduma ya mtandaoni ya kuchambua na kuripoti barua taka. Asubuhi moja nilifungua barua pepe nikakuta ujumbe uliotoka, kwa jinsi nilivyouona, kwenye anwani yangu mwenyewe. Aliyeuandika alidai ameingia kwenye kompyuta yangu na kunirekodi kwa kamera, na uthibitisho wake ulikuwa huo huo: tazama, nakuandikia kutoka akaunti yako. Alitaka Bitcoin ndani ya siku mbili. Nilibadilisha nywila zote, nikabandika karatasi juu ya kamera, na usiku ule usingizi haukuja.

Sikujua kwamba jina na anwani ya mtumaji huandikwa na mtumaji mwenyewe, kama yanavyoandikwa nyuma ya bahasha. Mtu anaweza kuandika apendalo. Penye ukweli ni kwenye vijajuu, ile mistari mingi ambayo programu za barua pepe hutuficha. Kila seva, yaani kompyuta ya kupitishia barua, inayopokea ujumbe hugonga muhuri wake, mstari unaoanza na neno Received, na muhuri mpya hukaa juu ya ule wa zamani. Ndiyo maana safari ya barua husomwa kutoka chini kwenda juu.

SpamCop husoma mihuri hiyo kwa niaba yako. Ilianzishwa na Julian Haight mwaka 1998, ikanunuliwa na kampuni ya IronPort mwaka 2003, na tangu kampuni ya Cisco ilipoinunua IronPort mwaka 2007, imekuwa mikononi mwa Cisco. Kuripoti ni bure. Unajiandikisha, unafungua ujumbe katika umbo lake asilia, unanakili kila kitu, vijajuu pamoja na maandishi, kisha unabandika kwenye kisanduku. Ukurasa ni wa Kiingereza na hauna mapambo. Mimi sikuyahitaji, maana macho yangu yote yalikuwa kwenye uchambuzi wenyewe, mstari kwa mstari: huu unaaminika, huu hauaminiki, chanzo ni anwani hii ya IP, yaani namba inayotambulisha mashine kwenye mtandao.

Hapo kwenye kuaminika ndipo penye utamu wa huduma hii. Mtumaji wa barua taka anaweza kughushi mihuri kadhaa na kuiweka chini kabisa, ili ukimbilie kumlaumu asiyehusika. Asichoweza kughushi ni muhuri unaogongwa na seva ya mtoa huduma wako, kwa sababu huo hugongwa baada ya barua kumtoka mkononi. SpamCop huanzia hapo, hushuka mstari mmoja mmoja, na husimama pale mnyororo unapokatika. Ujumbe wangu ulitoka kwenye seva ya kukodi katika nchi nisiyowahi kufika. Akaunti yangu haikuguswa na mtu. Niliisoma anwani ile ya IP mara tatu, na moyo ukatulia.

Baada ya hapo hutafutwa mwenye mtandao. Anwani za IP hugawiwa kupitia masjala tano duniani: AFRINIC, APNIC, ARIN, LACNIC na RIPE NCC. Kumbukumbu zake huonyesha kampuni ipi ina fungu lipi na malalamiko yapelekwe wapi, mara nyingi kwenye anwani inayoanza na abuse. Ripoti huandaliwa, anwani yako hufichwa, lakini hakuna kinachotumwa mpaka wewe uthibitishe. Nawasihi msiipite hatua hiyo kwa haraka. Siku moja nilibandika jarida nililojiandikisha mwenyewe miaka ya nyuma, na nilipoona jina la mwenye seva ndipo nikakumbuka. Niliifuta ripoti. Ningelituma lalamiko lile, ningemchafulia jina mtu asiye na kosa. Hata sehemu ya maoni naiandika kwa adabu, kwani mara nyingi mwenye seva naye ameibiwa.

Mipaka ipo. Barua iliyopita siku mbili haipokewi tena, hivyo kulimbikiza hakusaidii. Iliyotumwa kwa kutumia Gmail kwenye kivinjari, nyayo zake huishia kwa seva za Google, kwa sababu IP ya mtumaji haimo kwenye vijajuu. Na usitegemee kikasha chako kitakuwa safi kesho. Ripoti huingia kwenye orodha ya kuzuia, yaani orodha ya anwani za IP zinazotuma barua taka, inayotumiwa na seva nyingi kukataa barua, na anwani isiporipotiwa tena huondolewa baada ya saa 24, jambo ninaloliona la haki. Tarehe 31 Januari 2021 jina la kikoa la SpamCop, yaani anwani yake ya mtandaoni, liliisha muda, na seva zilizoitegemea orodha hiyo zikaanza kukataa barua halali. Anayeendesha seva asiifanye orodha moja kuwa hakimu wa pekee.

Kwangu ni nyota nne kati ya tano, na ningeipendekeza kwa mtu yeyote aliyewahi kutishwa kwa barua.

Hivi karibuni dada yangu alinipigia simu usiku sana, sauti inatetemeka. Amepata ujumbe wa aina ile ile, kutoka anwani yake mwenyewe. Nilimwambia asijibu, asilipe, asibofye kiungo chochote, ila afungue vijajuu anisomee. Alianzia chini, polepole, akitaja namba moja moja, mpaka akafika kwenye mstari wa matokeo ya uhakiki uliosema spf=fail, yaani seva ile haikuruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa cha anwani yake. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo hakuingia kwangu?" Nikamwambia barua hii haikutoka kwako, dada. Ripoti tuliituma alfajiri, zikiwa zimebaki saa chache siku mbili ziishe.