Mwanza hadi Bukoba kwa Cessna Caravan: ukaguzi wa dalali wa magari

Nauza magari yaliyotumika hapa Nyakato, huu ni mwaka wa 14. Kazi yangu ni kukagua. Nafungua boneti kabla sijasikia bei, nalala chini kuona kama chesesi imechomelewa, nanusa kijiti cha oili. Kwa hiyo nilipopanda ndege ndogo kwenda Bukoba mwezi uliopita, niliikagua kama ninavyokagua gari.

Safari yenyewe ilitokana na Noah. Nilimuuzia mama mmoja wa Bukoba, siku ya tatu ikagoma kuwaka, na mimi siuzi gari nikazima simu. Kwa barabara, hata sasa ambapo daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa na hatupangi tena foleni ya kivuko, kuzunguka Geita, Chato na Biharamulo kunakula siku. Meli haikuwa na safari usiku ule. Nikaweka stata, kile kipuri cha kuwashia injini, kwenye begi, nikaenda uwanja wa ndege Ilemela.

Hapa nina neno na ofisi iliyonikatia tiketi. Hawakuniambia kwamba mzigo mwisho kilo 15, wala kwamba kipuri chenye oili hakipandi hivi hivi. Nimeyajua mizanini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikaanza kufuta stata kwa kitambaa na kuifunga mifuko mitatu huku wenzangu wakisubiri. Jambo la kusemwa wakati wa kulipa lisemwe wakati wa kulipa. Na abiria tunapimwa uzito pia. Usikasirike ukiambiwa upande mizani: kwenye chombo kidogo, kilo zako ndizo zinazoamua ukae kiti gani.

Ndege ilikuwa Cessna 208B, ile Grand Caravan. Kitu cha kwanza kilichonivuta ni pangaboi: lilikuwa limefungwa kwa mkanda, kama mbuzi. Nikamuuliza rubani sababu.

"Upepo utalizungusha, mzee wangu," akasema. "Na injini ikiwa imezimwa, oili haipandi, kwa hiyo bearingi zinasagika bure."

Akanieleza kwamba pangaboi halikushikwa moja kwa moja na sehemu ya injini inayochoma mafuta. Kati yake hakuna shafti inayounganisha. Gesi ya moto ndiyo inayosukuma tabaini nyingine, yaani gurudumu la mapanga, na hiyo ndiyo inayozungusha pangaboi kupitia gia. Nilielewa papo hapo. Ni kama gari la otomatiki: injini na giaboksi vinasukumana kwa oili bila kushikana chuma kwa chuma. Injini hiyo ni PT6 ya Pratt & Whitney Canada, na haitumii petroli bali mafuta ya ndege, ndugu wa karibu wa mafuta ya taa. Ni moja tu, ndiyo. Kabla ya hapo neno "injini moja" lilikuwa linanikaba koo, maana ziwa ni pana. Baada ya kuelezwa ilivyo nyepesi kwa vyuma vinavyosuguana, koo lilifunguka.

Mkiani wameweka mguu wa chuma wakati wa kupakia, ili mzigo wa nyuma usiinamishe mkia ukaketi chini. Magurudumu hayakunjwi, yananing'inia muda wote kama ya bajaji. Ndiyo maana ndege hii inatua kwenye viwanja vya udongo kule Serengeti na Rubondo: cha kuharibika kimepunguzwa.

Jina lililo ubavuni ni la mtu, na mtu huyo nampenda kwa sababu alikuwa dalali mwenzangu. Clyde Cessna alizaliwa 1879 Iowa, akakulia shambani Kansas, akawa fundi, kisha akauza magari ya Overland kwenye mji mdogo wa Enid, Oklahoma. Mwaka 1911 alikwenda Oklahoma City akaona maonyesho ya ndege. Akanunua ndege ya mtindo wa Blériot, yule mtengeneza ndege wa Ufaransa, kutoka New York, akaipeleka kwenye uwanda wa chumvi. Hakuwa amesomea urubani. Alianguka tena na tena, na kila alipoanguka, yeye na ndugu yake Roy waliunga mbao na vitambaa, akarudi. Mwaka huo huo akaruka. Mimi nikifikiria mteja anayekata tamaa kwa sababu ya betri, namkumbuka huyu.

Mwaka 1925 alianzisha kampuni ya Travel Air pamoja na Walter Beech na Lloyd Stearman. Yeye alitaka bawa moja lisilo na nguzo wala waya nje; Beech alishikilia ndege za mabawa mawili. Mwaka 1927 akaondoka, akajenga ndege zake Wichita, kule Kansas. Mdororo wa uchumi ukafunga milango ya kampuni yake mwanzoni mwa miaka ya 1930, wapwa zake wakaifungua tena 1934. Alifariki 1954, na Caravan iliruka mara ya kwanza 1982, kwa hiyo hakuiona.

Nimesema hayo yote kwa sababu ya kiti changu. Caravan ina nguzo, zile alizozikataa mzee, moja kila upande, kutoka tumboni hadi bawani. Mimi niliketi mbele kushoto, nyuma ya rubani, na nguzo ikanikata dirisha katikati. Bawa liko juu, vizuri sana kwa kuangalia chini, lakini kwa viti vya mbele nguzo inakula utamu.

Angani inatembea zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Dakika kama 40 tulikuwa tunashuka. Kelele ni nyingi, beba pamba ya masikio. Choo hakuna. Tulipoikaribia Bukoba watu wote walinyamaza. Kila mmoja pale alikuwa anaikumbuka Novemba 6, 2022, ndege kubwa kuliko yetu ilipoingia majini karibu kabisa na uwanja ule na watu 19 wakafa. Dada aliyekuwa pembeni yangu alishika rozari. Rubani alizunguka upande wa kisiwa cha Musira, akaiweka chini taratibu, nikasikia tairi za nyuma, kisha ya mbele.

Noah iliwaka saa tano. Mama alinifungia kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba, akasema, "Mwanangu, umeruka ziwa kwa stata?" Nikamwambia gari nimeuza mimi.

Kurudi niliwahi uwanjani, nikaomba kiti cha nyuma, kulia. Kisiwa cha Bumbire kikapita chote, halafu Kome, na mitumbwi, na dagaa wameanikwa ufukweni.